Shajara ya majike sita: mimba zinazotoka kimya Usa River

10 Februari 2025

Tumeanza. Farasi jike sita, banda moja la mabati, dakika ishirini kwa bodaboda kutoka barabara kuu ya Arusha na Moshi pale Usa River. Mashine ya altrasaundi ni ya mkono wa pili, na betri yake inakaa saa moja na nusu. Umeme ukikatika kabla sijaichaji, siku hiyo hakuna kazi.

Sababu ya mradi niiandike leo. Msimu uliopita majike wanne walipandwa na hawakurudi kwenye joto, yaani hawakuonyesha tena kumtaka dume. Wote wanne wakaandikwa kuwa wana mimba. Waliozaa ni wawili. Wale wengine wawili waliendelea kulishwa lusini na pumba za ziada miezi kumi na moja, na mwisho wake hapakuwa na mtoto, wala kondo la nyuma, wala doa la damu kwenye maranda. Msimamizi wa wakati ule, ambaye ameshaondoka, akaamua kwamba saisi, mtunza farasi wetu, aliwakimbiza mpaka mimba zikatoka huko malishoni. Akamkata mshahara miezi mitatu.

Saisi ni mzee wa Kimeru, amelea farasi tangu ujana wake. Nilimpa shikamoo, nikamuuliza bila kuzunguka.

"Marahaba. Mwanangu, jike mwenye mimba namtembeza kwa mkono wangu. Sijamkimbiza hata mmoja."

Namwamini. Ila kuamini kwangu hakumsaidii kitu. Ninachotafuta ni siku: mimba inatoka siku ya ngapi? Ukiijua siku, lawama nyingi zinaanguka zenyewe. Virusi vya hepesi vya farasi, kwa mfano, hutupa mimba zaidi kuanzia mwezi wa tano na kuendelea. Huwezi kuvitwisha mimba iliyokufa siku ya 25.

Kwa hiyo ratiba ni siku ya 14, 28, 42 na 60. Tunahesabu tangu yai lilipotoka. Hatuhesabu tangu dume alipopanda, kwa sababu mbegu inaweza kukaa hai ndani ya jike siku kadhaa, na tarehe ya kupandwa inadanganya.

12 Februari

Nimechora mji wa mimba wa kila jike kabla dume hajafika. Kazi ya kuchosha, lakini bila ramani hii ningejidanganya baadaye. Malaika ana vivimbe viwili vya maji kwenye ukuta wa ndani. Kimoja kina milimita 12, duara safi kabisa, na mtu asiyemjua jike huyu angekiona mwezi ujao akatangaza mimba. Tofauti ni kwamba kivimbe hakihami wala hakikui kwa siku mbili.

Kipusa mlango wake wa uzazi umelala, kinyesi kinapita juu yake na hewa inaingia. Hewa ikiingia, uchafu unaifuata. Akishapandwa nitamshona sehemu ya juu, upasuaji mdogo ambao daktari wa mifugo Caslick aliueleza mwaka 1937 na ambao mpaka leo umeokoa mimba nyingi kuliko dawa nyingi za bei mbaya.

Chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika wote wamepata mapema. Ni virusi hai vilivyodhoofishwa, sitaki kuigusa mimba ikiwa changa. Mvua zikianza, visubi vinavyoueneza vitakuja, na majike wataingia bandani kabla jua halijazama.

22 Februari

Nyota. Jana jioni kifuko cha yai kwenye ovari ya kushoto kilikuwa milimita 41 na kimeanza kulegea. Leo asubuhi hakipo. Yai limetoka. Kwa Nyota, leo ni siku ya 0.

Mzee alijua kabla yangu. "Jana alikuwa anakonyeza na kukojoakojoa kila dume akilia. Leo amemgeuzia masikio." Kukonyeza ni jike kufungua na kufunga uke, dalili ya joto. Ulaya majike hupumzika wakati wa baridi; sisi tuko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, mchana haubadiliki sana, na hawa wanaweza kuingia joto mwaka mzima, kila siku 21 hivi. Ndiyo maana macho ya saisi yana thamani kuliko kalenda yoyote.

Nilikuwa nimeleta fomu zilizochapwa. Mzee akachukua mkaa, akachora mstari mmoja kwenye nguzo ya mlango wa Nyota. Kila asubuhi ataongeza mmoja. Nimekubali: nguzo ndiyo kumbukumbu ya kwanza, fomu itanakili nguzo.

26 Februari

Tausi, siku ya 0. Mayai mawili yametoka, moja kila ovari. Nimeandika kwa kalamu nyekundu.

8 Machi

Nyota, siku ya 14. Ipo.

Kifuko cheusi cha mviringo, milimita 16, karibu na ncha ya pembe ya kulia ya mji wa mimba. Dakika kumi baadaye nilikikuta kwenye mwili wa mji wa mimba, katikati. Nimeiona hali hii mara nyingi, na bado nasimama kuitazama. Mimba ya farasi katika wiki mbili za mwanzo haitulii. Imevaa gamba laini la utelezi ambalo wanyama wetu wengine wa zizini hawana, na misuli ya mji wa mimba inaisukuma huku na huku, kutoka pembe hii hadi pembe ile, mara nyingi kwa siku. Inapiga hodi kila kona. Kama kona nyingi hazikusikia hodi, mji wa mimba unaachia homoni ya prostaglandini, tezi ya kwenye ovari inayotoa projesteroni, homoni ya kutunza mimba, inakufa, na mimba inatoka hata kama yenyewe ilikuwa nzima. Siku ya 16 hivi ndipo inakwama mahali pamoja, kwa kawaida chini ya pembe mojawapo, na hapo inabaki.

Nilimgeuzia mzee skrini. Aliangalia muda mrefu. "Hicho kitone?" Ndiyo, hicho. Mpaka mwaka 1980, Wafaransa Palmer na Driancourt walipoonyesha kwamba altrasaundi inaweza kuona ndani ya jike, hakuna aliyekuwa amekiona kikiwa hai na kikihama. Mimba iliyokufa siku ya 20 ilihesabiwa kwamba haikuwahi kuwepo.

12 Machi

Tausi, siku ya 14. Pacha, kama nilivyohofia.

Mama mwenye farasi alifurahi sana niliposema wawili. Ilibidi nimweleze pale pale, na sikupenda kuona uso wake ukibadilika. Kwa ng'ombe pacha ni usumbufu. Kwa farasi ni hatari ya kweli. Mtoto wa farasi anahitaji karibu ukuta wote wa mji wa mimba kwa ajili ya kondo lake. Wakiwa wawili wanagawana, mmoja anadumaa na kufa, akifa anamvuta mwenzake, na mara nyingi hilo hutokea mwezi wa nane au wa tisa, jike akiwa ameshabeba karibu safari nzima. Wakizaliwa hai huwa wadogo na dhaifu, na jike mwenyewe anaweza kufia kwenye uzazi.

Siku ya 14 ina faida moja: bado wanahama, wanaweza kutenganishwa. Nilisubiri dakika arobaini krashini, kwenye kizuizi cha kumshikilia jike, mpaka kimoja kikaingia pembe ya kushoto peke yake. Nikakisukuma taratibu hadi nchani, nikakiminya. Unasikia kifuko kinapasuka chini ya kidole. Jike hatikisiki.

Nilinawa, nikakaa kidogo chini ya mgrevilea kabla ya kupanda bodaboda.

14 Machi

Tausi, siku ya 16. Kimebaki kimoja, milimita 22, kimetulia kulia. Vizuri.

17 Machi

Shani, siku ya 14, na kifuko chake kina milimita 9. Nilitarajia 15 au zaidi. Nimerudia kipimo mara tatu. Shani ana miaka 19. Sijamwambia mtu chochote isipokuwa mzee, naye alisema tu, "Tungoje."

Malaika ana kifuko kipya, mbali na vivimbe vyake vyote viwili. Ramani imelipa. Kipusa hana kitu, kuna maji ndani ya mji wa mimba. Nimemsafisha kwa maji ya chumvi, sampuli imekwenda maabara.

26 Machi

Tausi, siku ya 28. Moyo unapiga. Kwenye skrini ni kumetameta kadogo ndani ya kipande cha nyama kisichofika ukubwa wa punje ya maharage, lakini ukishakiona huwezi kukosea. Mama aliomba aone, nikamwonyesha. Hakusema neno, alimshika Tausi shingoni.

Nyota naye alionekana vizuri tarehe 22.

31 Machi

Shani, siku ya 28. Kifuko kipo, kimenywea, ukuta wake umekunjamana. Hakuna moyo. Mimba imekufa, labda siku kadhaa zilizopita.

Mzee akaanza kujitetea kabla sijafungua mdomo. Jumamosi alimtoa nje kidogo, hakwenda mbali, njia ilikuwa kavu. Nilimkatiza, jambo ambalo si adabu kwa mtu wa umri wake, nikamwomba radhi. Kisha tukakaa kwenye marobota ya majani nikamweleza kadiri nilivyoweza.

Nilianza na baghala. Hapa kwetu ukisema nyumbu mtu anamuona yule wa Serengeti, kwa hiyo nilitumia neno la zamani. Farasi ana kromosomu 64, punda ana 62, na baghala, mtoto wa punda dume na farasi jike, anapata 63. Anaishi, anabeba mizigo, lakini hesabu yake haigawanyiki sawasawa na karibu kamwe hazai. Mzee alikubali hapo. Baba yake aliwahi kufanya kazi shambani kulikokuwa na baghala.

Sasa, nikamwambia, hesabu inaweza kuharibika hata kwa farasi na farasi. Watafiti wa Royal Veterinary College ya London na Chuo Kikuu cha Cornell walikusanya mimba 256 za farasi zilizotoka, kazi ya miaka kumi, wakachapisha matokeo mwaka 2024. Katika zile zilizotoka kabla ya siku ya 55, zaidi ya nusu zilikuwa na kasoro ya kromosomu. Kasoro iliyojitokeza zaidi ni kuwa na seti nzima ya tatu: kromosomu 96 mahali pa 64. Mimba ya namna hiyo haina mahali pa kufika. Baada ya siku ya 110 kasoro hizi zilikuwa adimu, kwa kuwa zilizokuwa nazo zilikuwa zimeshatoka.

"Kwa hiyo ilikuwa imeharibika tangu siku ya kwanza?"

Kwa mimba nyingi za umri huu, ndiyo. Na jike huzaliwa na mayai yake yote. Yai alilolitoa Shani mwezi huu lina miaka 19 kama yeye. Yakizeeka, makosa ya kugawa kromosomu yanaongezeka. Kumtembeza Jumamosi hakuwezi kuongeza kromosomu.

Alifuta mistari ya Shani kwa kiganja. Nimemchoma prostaglandini. Kwa kuwa hajafika siku ya 35, atarudi kwenye joto ndani ya siku chache. Nimemshauri mama asimpandishe tena mwaka huu.

14 Aprili

Si jike wetu. Nimeitwa shamba la jirani upande wa Maji ya Chai, jike ametupa mimba ya miezi saba na nusu usiku. Masika imekolea, bodaboda ilinasa mara mbili, mwisho nikatembea na begi kichwani.

Walikuwa wameshachimba shimo. Niliwasihi wasifukie. Nikavaa glavu, nikaomba jike atengwe na wenzake na mbwa wafungwe. Mpaka maabara iseme vinginevyo, kila mimba iliyotupwa ichukuliwe kuwa ina virusi, kwa sababu ikiwa ni hepesi, maji na kondo vinatosha kuambukiza banda zima.

Kondo la nyuma nimelitandaza juu ya turubai kwa umbo la herufi F, mwili chini na pembe mbili kama mikono yake, nikalikagua kila upande. Rangi nzuri, hakuna utando, hakuna sehemu iliyooza karibu na mlango wa kizazi ambako bakteria hupandia. Kijusi hakikuwa na kilema cha kuonekana, miguu imenyooka, taya sawa, vinyweleo vimeanza midomoni na kwenye kope. Tatizo lilikuwa kwenye kitovu. Urefu sentimita 98. Kwa farasi wengi wa mbio waliopimwa huwa kati ya 36 na 83. Kilikuwa kimejisokota mizunguko mingi kama kamba ya kisima, na katikati palikuwa pembamba, peusi, upande mmoja umevimba kwa damu iliyoshindwa kupita. Mizunguko michache ni kawaida. Damu iliyosimama na uvimbe ndivyo vinavyoonyesha kwamba kilijinyonga kikiwa bado hai.

Huko Uingereza matatizo ya kitovu yanaongoza kati ya sababu za mimba kubwa za farasi kutupwa. Hakuna lishe wala uangalizi unaomzuia mtoto kujizungusha ndani ya maji. Niliwaambia hivyo vijana wawili wa banda, mbele ya mwajiri wao, kwa makusudi.

Sampuli za ini, mapafu na bandama zimekwenda maabara.

19 Aprili

Johari, siku ya 42. Moyo unapiga, kijusi kimepanda juu kabisa ya kifuko kama inavyotakiwa. Jike mzuri wa miaka tisa, hana historia ya tatizo.

26 Aprili

Viwavi wenye manyoya wamejaa chini ya miti ya uzio wa mashariki. Nimeomba majike wahamishwe kiwanja cha juu leo leo. Mwaka 2001 huko Kentucky, Marekani, maelfu ya mimba za farasi zilipotea katika masika moja, changa na kubwa, na chanzo kilikuwa viwavi wa aina hiyo kuliwa pamoja na majani: inadhaniwa vinyweleo vyao vinatoboa utumbo na kufungulia bakteria njia ya damu. Aina ile haipo hapa. Lakini Australia pia walipata msiba unaofanana kutoka kwa kiwavi wao wenyewe, na kuhamisha farasi mita mia mbili hakugharimu kitu.

7 Mei

Johari, siku ya 60. Hakuna kitu.

Nimetafuta pembe zote mbili, nikarudi mwanzo, nikatafuta tena. Mji wa mimba mtupu. Hakuna damu mkiani, hakuna uchafu, halafu jike anakula vizuri na ngozi inang'aa. Ovari zake zina tezi tatu zinazotoa projesteroni, kana kwamba mimba ipo.

Mzee alikuwa na mkaa mkononi. "Lakini hajarudi joto, daktari. Namwangalia kila siku. Dume akilia anambana masikio kabisa, kama mwenye mimba." Hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta tangu Februari, na sikufurahi kulipata kwa Johari.

Kati ya siku ya 36 na 38, seli kutoka kwenye mkanda unaozunguka mimba huingia kwenye ukuta wa mji wa mimba na kuota hapo, zikajenga vinundu vyenye shimo katikati. Tunaviita vikombe. Vinamwaga homoni kwenye damu ya jike, ile ambayo watafiti Cole na Hart waliigundua California mwaka 1930, na homoni hiyo inaziamsha ovari zitengeneze tezi za ziada za kulinda mimba. Vikishaota, vinajitegemea. Mimba ikifa siku ya 45 au 50, vikombe havina habari. Vinaendelea na kazi yao hadi siku ya 100, 120, wakati mwingine zaidi. Muda wote huo jike haingii joto la kawaida, hata sindano ya prostaglandini mara nyingi haimrudishi, na kipimo cha homoni hiyo kwenye damu kitasema ana mimba.

Nimefungua daftari la msimu uliopita, nikalisoma upya bandani, mzee amekaa pembeni. Wale majike wawili walipandwa Januari, hakuna aliyewapima, na waliacha kuangaliwa joto mara tu walipoandikwa kuwa wana mimba. Joto lao la kwanza kuandikwa tena ni la Desemba. Hata kama walirudi kwenye joto Juni, dume alikuwa ameshaondoka na hakuna aliyetumwa kutazama. Hakuna damu wala kondo kwa sababu mimba ya siku 50 ni ndogo mno. Hunyonywa na mwili au hutoka na mkojo usiku.

9 Mei

Nimemweleza mama mwenye farasi yote, daftari mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akauliza, "Mzee alikatwa kiasi gani?" Nilimtajia. Jioni hiyo mzee aliitwa nyumbani kwake.

Tumekubaliana pia: hakuna jike atakayeandikwa kuwa na mimba kwa sababu tu hajarudi kwenye joto.

2 Juni

Kwa kifupi. Nyota, Tausi na Malaika wako salama, wamepita siku ya 60 wote. Nyota anatarajiwa mwishoni mwa Januari 2026, Tausi mwanzoni mwa Februari, nikichukua siku 340, ingawa farasi anaweza kuzaa siku ya 320 au akapitiliza mwaka bila ubaya. Kipusa amepona maambukizi, amepandwa upya na nimemshona. Maabara haikuona virusi kwenye sampuli za jirani.

Mtu wa Oldonyo Sambu amekuja na punda jike watatu, anauliza kama mashine inafaa kwa punda. Inafaa, ila mimba ya punda ni miezi kumi na miwili hivi. Nitakwenda wiki ijayo.

14 Julai

Baridi kali, ukungu mpaka saa nne. Johari leo ni siku ya 128 tangu yai lile.

Mzee alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi: "Amekonyeza." Nimefika saa tatu. Tezi za ovari zimefifia, kifuko cha yai kulia kina milimita 33, na mji wa mimba umeanza kuvimba kwa ndani kama chungwa lililokatwa, dalili ya joto. Dume ataletwa kesho kutwa kutoka Kilimanjaro Magharibi.

Nguzo ya Johari imeoshwa kwa maji na sabuni. Mzee alishika mkaa akaniuliza aanze leo.

"Bado, mzee. Yai likitoka."

Akauweka mkaa juu ya boriti.